Gego limeoza hadi mzizini: Je, maji yanayooshea ndani yana nguvu kiasi gani?

TUSEME, msomaji, umetoka Nairobi Ijumaa jioni kwenda kwenu Kipkelion kuwaona wazee. Jumamosi asubuhi umewekewa chai ya maziwa, moto na tamu kama kawaida ya huko. Funda la kwanza tu, gego la chini linakuchoma mpaka sikioni. Mchana linapwita. Usiku usingizi haupatikani, kwani kila ukilaza kichwa jino linadunda pamoja na moyo.

Jumatatu utapata ushauri wa kila namna. Shangazi atakwambia uume karafuu. Mwenye duka la dawa atakuuzia vidonge vya amoksilini. Ukifika hospitalini, huenda ukaambiwa kuwa gego limekwisha na heri ling'olewe.

Liko shauri jingine ambalo wengi hawapewi, na wakipewa huliogopa kwa sababu ya bei na kwa yale waliyosikia kwa majirani. Shauri hilo ni kutibu mzizi wa jino. Daktari hulitoboa jino kwa juu, akaondoa uozo wa ndani, akaosha mifereji ya mizizi kwa dawa ya kuua viini, kisha akaiziba. Jino hubaki kinywani na huendelea kutafuna mahindi kwa miaka mingi.

Waliowahi kutibiwa hivyo hukumbuka sindano ya ganzi, mdomo uliokaa wazi karibu saa nzima, na risiti. Yale maji yaliyokuwa yakimiminwa mle ndani kidogo kidogo hawayakumbuki. Ilhali hayo ndiyo yanayochangia pakubwa kuamua kama jino litapona au kama utarudi baada ya miaka miwili ukiwa na uvimbe shavuni. Tena ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika chumba cha daktari wa meno.

Kikombe cha ujirani mmoja

Kipkelion, ambayo kituo chake cha reli kiliitwa Lumbwa enzi za ukoloni, ni mahali pa kutia fikira kwa mtu anayewaza habari za meno. Upande wa Kericho kuna mashamba ya majani chai. Ukiteremka na njia ya reli kupitia Fort Ternan na Koru hadi Muhoroni, unaingia katika miwa. Kipkelion yenyewe hufuga ng'ombe wa maziwa. Basi kikombe kizima, yaani majani, maziwa na sukari, kinaweza kutoka katika ujirani mmoja.

Majani ya chai hayana hatia. Chai isiyo na sukari haiozeshi jino. Mshtakiwa ni sukari, na zaidi ya wingi wake, ni mara ngapi kwa siku inaingia kinywani. Viini vinavyokaa juu ya meno hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hulimumunya jino polepole. Mtu anayekunywa vikombe vitano vya chai tamu kuanzia asubuhi hadi usiku huyapa meno yake mashambulizi matano, hata kama kila kikombe ni kidogo.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 34.3 ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza. Kwa watoto ilikuwa asilimia 23.9. Kwa hivyo ukiwa ndani ya matatu ya abiria 14, yawezekana wanne au watano kati yenu wana tundu mahali fulani.

Si kwamba jino ni kitu dhaifu. Hapo Fort Ternan, mwaka wa 1961, Dkt Louis Leakey alipata vipande vya taya na meno ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita, ambaye baadaye alipewa jina Kenyapithecus wickeri. Meno hayo yalidumu ardhini muda wote huo. La kwako, likipewa sukari ya kutosha, viini visivyoonekana kwa macho vinaweza kulitoboa katika miaka michache tu.

Kwa nini vidonge havitoshi

Gamba la nje la jino, yaani enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo. Katikati kabisa kuna uwazi wenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Kutoka hapo, mifereji myembamba huteremka ndani ya mizizi hadi kwenye ncha, mahali ambapo mishipa huingilia kutoka taya.

Uozo ukifika kwenye kiini, nyama ile huvimba. Lakini imezungukwa na kuta ngumu pande zote, kwa hivyo haina pa kupanukia. Ndipo unapolia usiku. Siku chache baadaye maumivu yanaweza kukoma ghafla, nawe ukamshukuru Mungu kwamba jino limepona.

Halijapona, limekufa. Kiini kimeoza, na viini vya maradhi vimepata nyumba yenye giza, unyevu na chakula. Vitaongezeka taratibu, kisha vitatokea kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuula mfupa wa taya. Hapo huja jipu.

Sasa fikiria vile vidonge vya amoksilini. Dawa unayomeza husafiri na damu. Jino lililokufa halina damu ndani yake. Dawa huzunguka mwili mzima na kufika kwenye nyama iliyo kando ya mzizi, ikatuliza uvimbe kwa muda, lakini ndani ya mfereji haingii. Wiki tatu baadaye uvimbe unarudi, nawe unarudi dukani kununua dozi nyingine. Matokeo yake ni kuvizoesha viini dawa, jambo ambalo linawatia wasiwasi madaktari kote duniani.

Karafuu nayo? Ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, na shangazi hakosei akisema itapunguza maumivu. Lakini haisafishi mzizi.

Zamani, katika karne ya 19, madaktari wa meno walikuwa wakitia aseniki ili kuua mshipa. Yapo maneno hayo hata leo: utamsikia mtu akisema kuwa amekwenda kuuliwa mshipa. Aseniki ni sumu, na ikivuja huua ufizi na mfupa. Mtu akitaka kukutilia dawa ya namna hiyo, shuka kitini.

Panya wasio na viini

Kwa muda mrefu watu walibishana kuhusu kinachoharibu mfupa kwenye ncha ya mzizi. Wengine walisema ni nyama mfu yenyewe. Jibu lililoshawishi wengi lilipatikana Marekani mwaka wa 1965, wakati Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walipotoboa magego ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Baadhi ya panya walikuwa wa kawaida. Wengine walikuwa wamelelewa katika vyumba visivyo na kiini chochote cha maradhi.

Panya wa kawaida walioza mizizi na kupata majipu. Wale wasio na viini, ingawa walikula chakula kikajaa ndani ya matundu yale, jino lao lilianza kujijengea ukuta mpya.

Tangu hapo imekuwa wazi kwamba kutibu mzizi ni vita dhidi ya viini. Swali likabaki: unaviondoaje kutoka kwenye tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea?

Tupa haifiki kila pembe

Daktari ana vijisindano vyenye makali kama tupa, ambavyo huvisokota ndani ya mfereji ili kukwangua kuta zake. Siku hizi vingi huzungushwa na mashine. Ukiviona kwenye trei utadhani vinamaliza kazi yote.

Havimalizi. Mfereji wa mzizi si bomba la duara lililonyooka. Mara nyingi umebapa, una vichochoro vya pembeni, na mifereji miwili huweza kuunganishwa na upenyo mwembamba kama uzi. Gego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu, wakati mwingine minne. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha, ambao umewasumbua madaktari wengi.

Mwaka wa 2001, watafiti wa Zurich, Uswisi, walipiga picha za kina za magego kabla na baada ya kukwanguliwa. Waliona kwamba asilimia 35 au zaidi ya kuta za mifereji haikuguswa kabisa na tupa, hata zile za kisasa. Zaidi ya hayo, dentini yenyewe ina vijitundu vidogo mno, makumi ya maelfu katika kila milimita mraba, na viini hujipenyeza humo.

Fikiria unasugua chupa ya maziwa kwa kijiti. Kijiti hakifiki kila pembe, lakini maji hufika. Hii ndiyo sababu ya kuosha.

Ndugu yake Jik

Dawa inayotumiwa zaidi duniani kwa kazi hii ni sodiamu haipokloraiti. Huenda jina hilo hulijui, lakini harufu yake unaijua. Ndiyo dawa iliyomo katika Jik ya kutakasia nguo nyeupe. Ile ya nyumbani huwa na nguvu ya kati ya asilimia 3 na 4. Madaktari wa meno hutumia kuanzia asilimia 0.5 hadi karibu 6.

Dawa hii ilipata sifa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka wa 1915, mwanakemia Mwingereza Henry Dakin, akifanya kazi Ufaransa pamoja na daktari wa upasuaji Alexis Carrel, aliipunguza hadi asilimia 0.5 na kuitumia kuosha majeraha ya wanajeshi yaliyokuwa yakioza. Mwaka wa 1936, Walker wa Marekani aliandika akipendekeza itumiwe ndani ya mizizi ya meno. Imebaki humo hadi leo.

Kuna sababu ya kudumu hivyo. Dawa nyingi huua viini lakini huiacha nyama iliyooza palepale. Hii huua viini na pia huyeyusha nyama mfu, hata ile iliyo kwenye vichochoro ambavyo tupa haikufika. Viini vikiwa vimejijengea utando wa ute unaonata ukutani, hii huweza kuupasua. Hakuna dawa nyingine ya kuoshea mizizi iliyozoeleka inayofanya yote mawili vizuri kama hiyo.

Naomba unisikilize vizuri hapa. Sijasema uchukue Jik ya jikoni ukasukutue. Ndani ya jino lililofungwa vyema, dawa hii ni rafiki. Kwenye ulimi, koo, jicho au ufizi, inaunguza. Kumimina Jik kwenye jino lililotoboka nyumbani hakutafika kwenye mzizi, bali kutakuachia vidonda vya kinywa juu ya jino linalouma. Aidha, ikichanganywa na siki au maji ya ndimu hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Maji ya chumvi, je?

Wengine huuliza kama maji safi ya chumvi hayatoshi, maadamu tupa imekwangua. Watafiti wa Umeå, nchini Uswidi, Byström na Sundqvist, walilijaribu hilo kwa wagonjwa. Mwaka wa 1981 walionyesha kwamba kukwangua na kuosha kwa maji ya chumvi hupunguza viini kwa kiasi kikubwa sana, lakini katika meno mengi viini vilibaki na kuongezeka tena kati ya ziara moja na nyingine. Mwaka wa 1983 walitumia haipokloraiti ya asilimia 0.5. Meno mengi zaidi yalitakasika.

Je, kuna faida kwa mgonjwa, au ni hesabu za maabara tu? Kundi hilo hilo la Umeå lilichapisha jibu mwaka wa 1997. Wakiongozwa na Sjögren, walipima viini katika meno 55 muda mfupi kabla ya kuyaziba, kisha wakayafuatilia hadi miaka mitano. Yale ambayo hayakuonyesha viini yalipona kwa asilimia 94. Yale yaliyozibwa yakiwa bado na viini yalipona kwa asilimia 68.

Ukitazama vyema, utaona mambo mawili katika takwimu hizo. Kuosha vizuri kunaongeza sana uwezekano wa kupona. Lakini pia, hata baada ya kukwangua na kuosha, meno 22 kati ya yale 55 bado yalikuwa na viini. Kwa hivyo jibu la swali lililo juu ya makala haya ni la: maji hayaui viini vyote. Hupunguza idadi yake hadi kiwango ambacho mwili wenyewe, kwa kusaidiwa na kizibo kizuri, huweza kukistahimili.

Kali zaidi si bora zaidi

Mtu akisikia dawa ya asilimia 0.5 na nyingine ya asilimia 5, atataka ile ya pili. Ni tabia yetu. Hata dawa ya kikohozi tunapenda ichome koo ndipo tuiamini.

Wale Waswidi walilinganisha nguvu hizo mbili mwaka wa 1985, na hawakuona tofauti katika kuua viini ndani ya mizizi. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka wa 2019 ulilinganisha asilimia 1 na asilimia 5 katika magego ya chini, na baada ya mwaka mmoja kupona kulikaribiana. Dawa kali huyeyusha nyama haraka zaidi, hilo ni kweli. Lakini ile hafifu, ikibadilishwa mara nyingi kwa wingi, hufanya kazi hiyo pia. Siri iko katika kuibadilisha, kwa sababu dawa hii huisha nguvu mara inapogusana na uozo. Tone lililokaa humo dakika kumi ni maji tu.

Joto nalo husaidia. Katika maabara, dawa ya asilimia 1 iliyopashwa hadi nyuzi 45 iliyeyusha nyama ya jino sawasawa na ile ya zaidi ya asilimia 5 iliyokuwa na joto la chumba. Kwa upande mwingine, joto na mwanga wa jua huimaliza nguvu ikiwa ghalani. Baridi ya nyanda za Kericho ni nzuri kwa kuitunza, na sina shaka chupa iliyofunikwa kabatini huko hudumu vizuri kuliko iliyoachwa dirishani Kisumu.

Klorheksidini na EDTA

Utasikia pia habari za klorheksidini, dawa iliyomo katika baadhi ya maji ya kusukutulia. Kwa mizizi hutumiwa yenye nguvu ya asilimia 2. Huua viini vizuri, haiunguzi kama haipokloraiti, na hushika kwenye ukuta wa jino ikaendelea kufanya kazi kwa muda. Kasoro yake ni kwamba haiyeyushi nyama iliyooza hata chembe.

Wengine walidhani wakitumia zote mbili watapata uzuri wa zote. Zikikutana ndani ya mfereji bila kuoshwa katikati, hutoa mashapo ya rangi ya kahawia yanayoweza kuziba vijitundu na kulitia jino rangi. Katika utafiti mkubwa wa London uliochapishwa mwaka wa 2011 na Ng, Mann na Gulabivala, kuongeza klorheksidini juu ya haipokloraiti hakukusaidia. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi. Katika utafiti huo huo, asilimia 83 ya mizizi iliyotibiwa kwa mara ya kwanza ilikuwa imepona ilipochunguzwa baada ya miaka miwili hadi minne. Ukali wa haipokloraiti haukuleta tofauti.

EDTA ni kitu kingine. Kwa yenyewe si dawa kali ya kuua viini. Tupa ikikwangua huacha tope la unga wa jino ukutani, kama vile vumbi la mbao baada ya kupiga randa, na tope hilo hufunika vijitundu. EDTA ya asilimia 17 huliyeyusha kwa dakika moja au mbili, kisha haipokloraiti inaweza kupenya. Ilianza kutumiwa katika mizizi mwaka wa 1957, na Nygaard-Østby wa Norwei. Zisichanganywe kwa pamoja, kwa sababu EDTA huimaliza klorini.

Ukitaka kujua wataalamu wamefikia uamuzi gani, shirika la Cochrane lilikusanya majaribio yote yaliyofaa mwaka wa 2012 likasema ushahidi hautoshi kutangaza dawa moja kuwa mshindi kwa mgonjwa. Nijuavyo, hilo halijawafanya wengi waiache haipokloraiti. Hakuna nyingine inayoyeyusha uozo.

Kiini kisichokufa upesi

Katika meno yaliyotibiwa na kukataa kupona, wataalamu mara nyingi hukuta kiini kiitwacho Enterococcus faecalis, ambacho kwa kawaida huishi matumboni mwetu. Kinaweza kukaa na njaa muda mrefu, kujificha ndani ya vijitundu, na kustahimili hata ile dawa nyeupe ya kalisiamu ambayo huachwa ndani ya jino kati ya ziara mbili. Haipokloraiti ikikifikia hukiua. Shida ni kukifikia.

Ndipo daktari hodari huyachezesha maji. Wenye vyombo vya kisasa hutumia mitetemo ya mashine. Asiye navyo huweza kuchukua kijiti cha gataperka, ule utomvu mgumu wa kuzibia mizizi, akakipandisha na kukishusha ndani ya mfereji uliojaa dawa. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa hata hilo linaifanya dawa ifike mahali ambapo kumimina tu hakuifikishi. Halina gharama yoyote.

Unachoweza kukitazama ukiwa kitini

Wewe si daktari na huwezi kumwelekeza mtu kazi yake. Lakini macho unayo. Kabla ya kazi kuanza, uliza kama atalifunika jino kwa kitambaa cha mpira, kile kinachobanwa kwenye jino moja na kuacha mengine nyuma. Mate yana viini kwa mamilioni. Yakiendelea kuingia mfereji unaooshwa, ni sawa na kupiga deki huku mvua ikinyesha ndani. Kitambaa hicho pia huzuia dawa isiteremke kooni, na tupa ikiteleza isimezwe. Ukiisikia ladha ya bwawa la kuogelea nyuma ya ulimi, sema mara moja.

Uliza pia anaoshea dawa gani. Akisema maji ya chumvi peke yake, una haki ya kuuliza kwa nini. Picha ya eksirei kabla ya kuanza ni lazima, na nyingine ya kupima urefu wa mzizi isipokuwa ana mashine ya kuupimia. Daktari anayelimaliza gego lenye mifereji mitatu au minne katika robo saa, mimi ningemwogopa. Dawa haikupata muda.

Ajali hutokea, ingawa ni nadra. Sindano ya kuoshea ikikwama ndani ya mfereji na dawa kusukumwa kwa nguvu, huweza kupita ncha ya mzizi na kuingia katika nyama. Utahisi maumivu makali ya ghafla licha ya ganzi, na shavu litavimba mbele ya macho yako. Daktari mwangalifu huiweka sindano ikiwa imelegea, milimita mbili au zaidi kabla ya mwisho, na hubonyeza polepole. Likitokea, shavu hukandwa kwa barafu siku ya kwanza na kwa maji ya vuguvugu siku zinazofuata, pamoja na dawa za maumivu, na wengi hupona bila kovu. Ukipata shida ya kupumua au kuona, nenda hospitali kubwa bila kusubiri.

Kung'oa au kuosha?

Katika hospitali nyingi za umma nje ya miji mikubwa, kung'oa ndiko kunakofanywa zaidi. Foleni ni ndefu, daktari ni mmoja, na gego hung'oka kwa dakika chache wakati kuosha mizizi kunataka ziara moja hadi tatu. Mtu wa Kipkelion akitaka kutibiwa mzizi huenda akalazimika kupanda gari hadi mji wa Kericho, au Nakuru, au Kisumu, na nauli hiyo huongezwa kwenye bei ambayo tayari ni mara kadhaa ya kung'oa.

Silaumu wanaong'oa. Jino lililovunjika hadi chini ya ufizi, au lililopasuka mzizi, au linalocheza kwa ugonjwa wa fizi, halifai kuoshwa. Ni kupoteza pesa. Pia kuna wasio na uwezo, na jipu halingojei mshahara. Zamani Wakipsigis waling'oa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila, na waliishi. Lakini hayo ni ya mbele. Gego la kutafunia likitoka, ya jirani huinama kuelekea pengo, la juu hushuka, na chakula huhamia upande mmoja.

Ninachokataa ni mtu kuambiwa ang'oe kwa sababu ati dawa nzuri za mizizi ziko Nairobi tu. Dawa yenyewe umeshaiona. Ni ya bei ndogo, ina zaidi ya miaka mia moja, na ile hafifu inatosha. Kinachotakiwa ni daktari aliyesomea, kitambaa cha mpira, eksirei na subira. Daktari wa Kericho mwenye hayo manne hashindwi na mwenzake wa jiji mwenye mashine za kung'aa anayefanya haraka.

Usingoje ikiwa uvimbe umeteremka chini ya taya au chini ya ulimi, ikiwa kinywa hakifunguki, kumeza kumekuwa kugumu au una homa. Uvimbe wa namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa katika muda wa saa chache. Huo si wakati wa karafuu wala wa kutafuta nafuu ya bei. Ni wakati wa hospitali, usiku au mchana.

Mzizi ukishaoshwa na kuzibwa, gego huwa limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake na huvunjika kwa urahisi. Kizibo cha muda ambacho daktari amekiweka juu kisikae miezi. Kikivuja, viini hurudi vikakuta nyumba imefagiliwa. Rudi upesi uwekewe kizibo cha kudumu, na kwa gego, kofia ya kulifunika ikiwa unaimudu. Siku chache za kwanza kuuma kidogo unapotafuna ni kawaida. Picha ya kulinganisha hupigwa baada ya mwaka mmoja, na kile kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi huweza kuchukua hadi miaka minne kufutika kabisa, hivyo itunze ile picha ya kwanza.